Mkono Usiosikia



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulicheka. Mimi hung'oa kope na nyusi zangu. Nilianza nikiwa kidato cha kwanza. Muhula uliopita mwenzangu mwenye tabia hiyo hiyo aliadhibiwa kwa kujiharibu uso makusudi, na wengine wakanong'ona bwenini kwamba tumerogwa.

Kwa kuwa tunatakiwa kunyoa nywele, watu hudhani ugonjwa wa kujing'oa nywele hauwezi kuwako shuleni. Kumbe mkono ukizikosa kichwani huzitafuta usoni. Wala si ugonjwa mpya. Tabibu Mfaransa, Hallopeau, aliupa jina mwaka 1889.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali. Mojawapo ni glutameti, ambayo huzichochea. Mwaka 2009 huko Marekani, Dkt. Jon Grant na wenzake walijaribu kuirekebisha kwa asetilisisteini, dawa ile ile inayowaokoa waliomeza parasetamoli kupita kiasi. Watu wazima 50 walijaribiwa kwa majuma 12, na zaidi ya nusu ya waliopewa dawa yenyewe walipata nafuu. Lakini ilipojaribiwa mwaka 2013 kwa watoto 39 wa miaka 8 hadi 17, haikuishinda dawa ya bandia. Nami nina miaka 17! Basi sioni faida ya kungojea kidonge.

Iko njia nyingine, waliyoieleza Azrin na Nunn mwaka 1973: mtu ajifunze kuutambua mkono unapoanza kupanda, kisha aupe kazi nyingine, hata kukunja ngumi tu. Nyumbani Guta nilikuwa nikiifuata bila kujua. Nikianika dagaa na mama, kutwa nzima sigusi kope hata moja. Bali katika masomo ya usiku mkono mmoja hushika kitabu na wa pili huwa hauna kazi, nami hushtuka kuona kope zimekwisha kutapakaa juu ya ukurasa.

Wazazi, mpelekeni mtoto kwa daktari kabla ya kumtafuta mchawi. Nanyi walimu wetu, naomba mturuhusu kushika kipande cha uzi wa nyavu wakati huo wa usiku, tufunge mafundo na kuyafungua. Hakina kelele. Changu kilichukuliwa mwezi uliopita, ikasemwa kuwa nacheza. Nitashukuru nikirudishiwa kabla ya mtihani wa Novemba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne