Imekufa, Nunua Nyingine

Ingia katika karakana yoyote ya kompyuta mjini, msomaji wangu, nawe hutakaa sana kabla ya kusikia hukumu hii: "Imekufa, nunua nyingine." Mwenye kompyuta huinamisha kichwa, akatoa fedha, akaenda zake. Kinachosemwa kimekufa ni lile sanduku la bati liitwalo pawasaplai, ambalo kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, wa volti 240 hapa Kenya, na kuugeuza kuwa umeme mpole wa volti 12, 5 na 3.3. Mimi nasema kwamba hukumu hiyo, mara nyingi, ni uvivu uliovaa joho la ujuzi.

Fundi amepima nini? Amebonyeza kitufe, hakuona taa, basi. Tabibu atangazaye kifo bila kushika mshipa wa mgonjwa, tungemwita tabibu?

Kupima hakutaki miujiza. Pawasaplai ikiisha kutolewa katika kompyuta, waya wa kijani huunganishwa na mmoja wa zile nyeusi. Feni ikizunguka, na mita ikaonyesha baina ya volti 11.4 na 12.6 katika waya wa manjano, yafaa kosa litafutwe kwingine kwanza. (Nakiri kwamba iko ionekanayo nzima mezani, ikashindwa itwikwapo mzigo, ndiyo sababu fundi mwema huitwika mzigo kabla ya kusema neno.) Isipozunguka, huenda ikawa ni kapasita zilizovimba vichwa tu, na bei ya kapasita haifiki bei ya mlo mmoja.

Tena ziko pawasaplai zilizokuja na kompyuta kuukuu kutoka Marekani, zenye swichi ndogo nyekundu kwa nyuma. Swichi ikiachwa penye 115, nazo zikachomekwa katika umeme wetu, hupasuka kwa kishindo. Mteja auziwaye nyingine ya namna ileile asielezwe sababu, ataipasua na ya pili, naye fundi atapokea fedha mara mbili kwa ujinga mmoja.

Mbaya kuliko huyo ni yule aonaye fyuzi imekatika, akafunga kipande cha waya mahali pake. Fyuzi haikukatika bure. Aghalabu kitu ndani kimeungua na kufungulia umeme njia isiyo yake. Kumwondoa mlinzi kwa kuwa amepiga kelele za mwizi ni kuikaribisha hatari ya moto nyumbani mwa mtu.

Watu wataniambia kwamba pawasaplai ya bei rahisi haistahili saa mbili za fundi. Huenda ni kweli. Basi na aseme hivyo baada ya kupima, ataje na gharama, mwenye mali achague. Wataniambia pia kwamba kuifungua ni hatari. Hilo ni kweli tupu: kapasita kubwa iliyomo ndani yaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na kwa hiyo wewe mwanafunzi usiifungue hata kidogo. Lakini hatari ni sababu ya fundi kufundishwa vyema, wala si ruhusa ya kusema asilolijua. Na hizo zitupwazo huenda wapi? Nyingi huishia jaani, ambako waya huchomwa ili shaba ipatikane, na moshi wake huvutwa na watu wasiomiliki kompyuta hata moja.

Basi siku kompyuta ya shule yenu itakapotangazwa kufa, mwulize fundi kwa adabu: umepima waya upi, ukapata volti ngapi? Mwombe na lile sanduku la zamani, kwa kuwa ni mali yenu. Akikosa jibu, ichukueni kompyuta yenu mvuke barabara. Hamtakosa fundi mwingine ng'ambo ya pili.