Kona ya Mwalimu: Mlango ni wa bure, tombola iko ndani



Kila vakansi ikikaribia, swali moja linarudi katika mikutano yetu: "Mwalimu, mtoto ananiambia mchezo wake wa telefone ni wa bure. Basi mega zangu zinakwenda wapi? Na kwa nini sasa anaomba dola?" Mchezo ambao wanafunzi wangu wakubwa wanautaja sana ni Genshin Impact. Haifai mwalimu kusema juu ya kitabu asichokisoma, kwa hiyo nimeucheza majuma 2, jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Leo ninawaeleza nilichokiona.

Mchezo huu umetengenezwa na kampuni miHoYo ya Shanghai, kule China, na ulitoka mwezi wa Septemba 2020. Ni hadithi ya pacha wawili, kaka na dada, wanaosafiri kutoka dunia moja kwenda nyingine. Mungu mke mmoja asiyejulikana anawatenganisha. Mtoto anachagua mmoja wao, kisha anaingia katika nchi inayoitwa Teyvat kumtafuta mwenzake. Teyvat ina mataifa 7, na kila taifa lina nguvu yake: upepo, udongo, umeme, majani, maji, moto na barafu.

Nianze na mazuri, maana yapo. Kwanza, ni mchezo wa kupendeza macho. Unapanda mlima, unaruka kutoka juu kwa mabawa ya kitambaa, unaona ziwa na mji kule chini. Pili, unaomba akili. Adui aliyeloa maji akipigwa na barafu anaganda. Moto unateketeza ngao ya mbao. Mtoto anajifunza kujaribu, kukosa na kujaribu tena. Tatu, kuna kupika: unaokota uyoga na matunda, unawasha moto, unatia sufuria, na chakula kinawaponya wenzako waliojeruhiwa. Nne, maandishi yake yanapatikana kwa Kifaransa, na ni mengi. Nimewaona wavulana wanaokimbia kitabu cha kusoma wakimaliza kurasa nzima za mazungumzo kwenye telefone, bila kulazimishwa na mtu.

Tena kuna wanawake wenye kazi za maana. Katika mji wa kwanza, Mondstadt, mkubwa wa mashujaa yuko safarini, na aliyeachiwa mzigo wote ni mwanamke, jina lake Jean. Yeye anapokea malalamiko ya kila mtu na hapati nafasi ya kupumzika. Wengi wenu mtamtambua upesi. Lakini niseme pia kwamba mavazi ya baadhi ya wanawake wa mchezo huu ni mafupi kupita kiasi. Mapigano ni mengi, ingawa damu haionekani. Ulaya umewekewa alama ya miaka 12. Kwangu mimi, mtoto wa shule ya msingi asubiri kidogo.

Sasa tuje kwa mega. Mchezo huu unakula zaidi ya giga 10 katika telefone, na karibu kila majuma 6 unaletewa sehemu mpya ya kupakua. Haufanyi kazi bila intaneti. Mtoto akiupakua kwa forfe ya mama, forfe inakwisha kabla hata hajaona mlima wa kwanza. Kwa hiyo neno "bure" linahusu mlango tu.

Jambo kubwa liko ndani zaidi. Wahusika unaopewa bila malipo ni wachache. Wengine, wale wazuri ambao watoto wanawazungumzia, wanapatikana kwa kuvuta kura. Mchezo unaiita ombi, kama mtu anayeomba nyota ya angani. Mimi ninaiita kwa jina tunalolijua sisi: tombola. Unatoa vito 160, nyota inaanguka, na unaona ulichopata. Mara nyingi ni silaha ya kawaida ambayo hukuitaka.

Hesabu yake imeandikwa ndani ya mchezo wenyewe, lakini mtoto haendi kuisoma. Katika kuvuta mara 1,000, mhusika wa nyota 5 anatazamiwa kutokea mara 6 tu. Ukivuta mara 90 bila kumpata, mchezo unakupa mmoja wa nyota 5 kwa lazima. Lakini huenda asiwe yule unayemtaka. Nafasi ni karibu nusu kwa nusu. Akitoka mwingine, unaanza tena kuhesabu mpaka 90, na safari hii ya pili ndipo una hakika. Maana yake, aliyekosa bahati anavuta mara 180. Kila mara vito 160: jumla 28,800.

Vito hivyo vinatoka wapi? Kuna njia ya jasho: kazi 4 za kila siku zinakupa vito 60, na vingine unavipata katika hadithi na masanduku ya porini. Kwa kazi za kila siku peke yake, kuvuta mara moja ni kama siku 3 za kucheza. Njia ya pili ni pesa. Fungu kubwa linauzwa dola 99.99, na bei ya kawaida hiyo inakupa kuvuta mara 50. Ni karibu dola 2 kila mara moja. Yule wa mara 180 atakuwa ametoa zaidi ya dola 350 kwa mtu mmoja wa picha. Kila mama ajue mwenyewe dola hizo ni miezi mingapi ya minerval, na ni magunia mangapi ya unga.

Lakini mtoto haoni dola. Dola zinageuka mawe ya kung'aa, mawe yanageuka vito, vito vinageuka tiketi, na tiketi ndiyo inayovuta kura. Katikati ya mageuzi hayo hesabu inapotea, hata kwa mtu mzima. Tena mhusika anayetakiwa anakaa kama majuma 3 tu, halafu anaondolewa. Ni sawa na muuza kitenge anayekuambia, "Mama, hiki ndicho cha mwisho." Anajua kwamba mwenye haraka hapatani bei.

Ninyi wa likilimba mnaweza kumweleza mtoto vizuri kuliko mimi. Katika likilimba kila mmoja anatia, kila mmoja anajua zamu yake, na alichotia kinamrudia chote. Katika tombola hii mtoto anatia, hajui zamu yake itakuja lini, na kilichotoka hakiuzwi wala hakirudi kuwa pesa. Tofauti hiyo mtoto wa miaka 10 anaielewa, akionyeshwa kwa maharagwe mezani: maharagwe 6 meusi kati ya 1,000 meupe, afumbe macho, achote moja.

Si sisi peke yetu tulioona hatari. Mwezi wa Januari 2025, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilitangaza mapatano na kampuni inayouza mchezo huu huko: dola milioni 20 za adhabu, na marufuku ya kuuzia kura hizo mtoto wa chini ya miaka 16 bila ruhusa ya mzazi. Kabla ya hapo, mwaka 2018, tume ya Ubelgiji ya michezo ya bahati ilichunguza michezo mingine yenye kura za namna hii na kusema kwamba 3 kati yake ilivunja sheria ya kamari. Ikiwa serikali zenye nguvu zimelazimika kuingia kati, mama aliyechanganyikiwa asijione mjinga.

Basi tufanye nini? Kunyang'anya telefone ni rahisi, lakini mtoto atacheza kwa jirani, mahali ambapo wewe huoni. Mimi ninapendekeza mambo manne.

Keti naye saa moja na umwambie akufundishe. Mwache yeye awe mwalimu. Utajua anachokipenda, naye atajua kwamba unaona.

Muulize: "Tombola iko wapi? Nionyeshe hesabu yake." Akishindwa, itafuteni pamoja. Kwa mkubwa wa sekondari hilo ni somo zuri la asilimia.

Funga njia ya kulipa. Katika duka la programu la telefone, weka neno la siri liombwe kila ununuzi, na mtoto asilijue. Kama kadi ya benki ya baba au ya mjomba imeandikwa mle, iondolewe. Telefone ya mama yenye pesa za biashara isiwe telefone ya kuchezea.

La mwisho: mchezaji akifika daraja la 16, anaweza kucheza na wengine, mpaka watu 4 pamoja, na kuandikiana nao. Wengine ni watu asiowajua. Jina lake kamili, shule yake, picha yake na namba ya mama haviandikwi humo. Akiombwa, aje kukuambia, nawe usimgombeze kwa kuja kwake.

Katika hadithi yenyewe kuna mji wa bandari, Liyue, ambao watu wake wanaishi kwa biashara na wanaheshimu mkataba kuliko kitu chochote. Nimewaambia wanafunzi wangu: kama mnawapenda watu wa Liyue, fanyeni kama wao. Someni mkataba kabla ya kutia mkono.

Nani anaweza kucheza mchezo huu bila kutoa dola hata moja? Kila mtu. Nimeucheza majuma 2 bila kulipa, na hadithi haikunifungia njia popote. Mwambieni mtoto hivyo hivyo: acheze hadithi, apande milima, apike, asome Kifaransa chake, na vito vya jasho lake avivute akipenda. Pesa ya nyumba haiingii katika tombola.

Kwa leo tuishie hapo. Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.