Neno "Kijijini" Lilimnyima Mama Mdogo Nyumba

Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikisikia wenzangu wakisema kwamba kutafsiri fomu na vipeperushi ni kazi ya makarani, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ashughulike na fasihi na isimu. Siukubali msemo huo, na sababu yangu imetoka nyumbani kwetu.

Mama mdogo alitoka Kongo, akaishi miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kisha akahamishiwa Marekani. Leo yuko Louisville, jimbo la Kentucky, anafunga vifurushi ghalani zamu ya usiku. Ana ukaazi wa kudumu, analipa kodi ya nyumba kila mwezi, na ndoto yake ni nyumba yake mwenyewe. Siku moja mwumini mwenzake alimsomea kipeperushi cha Kiingereza na kumfasiria hivi: "Wizara ya Kilimo inawakopesha watu wa kijijini nyumba." Mama mdogo alinisimulia kwa simu huku akicheka: "Mwanangu, jembe nililiacha Kongo. Sasa nikalime theluji?" Akaendelea kupanga kwa miaka miwili zaidi.

Mfasiri yule hakuwa na nia mbaya, wala hakukosea neno hata moja katika kamusi. Alikosea jambo lenyewe. Mpango huo unatokana na sheria ya makazi ya Marekani ya mwaka 1949, na ni kweli unasimamiwa na Wizara ya Kilimo. Lakini mkopaji hahitaji kuwa mkulima. Tena nyumba yenyewe haipaswi kuwa shamba la biashara. Inapaswa kuwa makazi ya kudumu ya anayeinunua. Na hilo neno "kijijini" halimaanishi nyasi na ng'ombe. Ni mpaka uliochorwa kwenye ramani. Mji wenye watu hadi 35,000 unaweza kubaki ndani ya mpaka huo ikiwa ulihesabiwa zamani kuwa wa vijijini, bado una sura hiyo, na mikopo ya nyumba ni haba huko. Ndiyo maana hata katika kaunti za viunga vya majiji makubwa, penye supamaketi na barabara kuu, kuna mitaa inayostahiki. Upande huu wa barabara unaweza kuwa ndani ya mpaka, na upande wa pili ukawa nje.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba haanzi kwa kuuliza, "Je, hapa ni kijijini?" Anachukua anwani ya nyumba anayoitaka na kuiingiza kwenye ramani ya wizara. Kisha anajumlisha kipato cha watu wazima wote wa nyumbani, maana kuna kikomo: kwa mkopo unaotolewa na benki kwa dhamana ya serikali, ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo. Wenye kipato cha chini zaidi wanaweza kuomba mkopo wa wizara yenyewe, ambao riba yake inaweza kupunguzwa hadi asilimia 1. Katika mikopo yote miwili, anayekubaliwa anaweza kununua bila kianzio. Kwa mfunga vifurushi, kianzio ndicho ukuta wenyewe.

Binti wa mama mdogo, anayesoma sekondari, ndiye aliyeingiza anwani ya nyumba ambayo mama yake aliipenda katika mji mdogo wa kaunti jirani. Ilikuwa ndani ya mpaka. Lakini ilikuwa imeshauzwa, na bei za jirani zake zilikuwa zimepanda.

Najua nitajibiwa kwamba aliyeko Marekani ajifunze Kiingereza. Anajifunza. Lakini mtu hangoji kumaliza masomo ya lugha ndipo alale ndani ya nyumba. Wengine watasema mkopo ni mtego, afadhali asijue. Hao nawajibu kwa ukali zaidi, kwa sababu hatari kubwa hukaa pale pale penye tafsiri mbovu. Chukua neno "dhamana". Nimewasikia Waswahili wakisema, "Serikali imenidhamini, nikishindwa italipa." Sivyo. Dhamana hiyo, ya hadi asilimia 90 ya mkopo, inamkinga mkopeshaji asipate hasara. Mkopaji akishindwa kulipa, nyumba inauzwa na yeye anatoka. Tena kuna ada zake, na katika miji hiyo midogo basi ni adimu, kwa hiyo gharama ya gari lazima ihesabiwe kabla ya kutia sahihi. Anayeficha habari hizi hamwokoi mtu na mtego. Anamwacha aingie akiwa amefumba macho.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii tunaitumia kumcheka asiyejua. Mimi naona inatusuta sisi tunaojua, tukakaa kimya.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, nasi tulishangilia madarasani. Lugha rasmi ni ile inayoweza kubeba mkataba, ramani na deni bila kumpoteza msomaji. Nawaomba wahadhiri wetu waliingize zoezi hili katika somo la tafsiri: kila mwanafunzi achukue hati moja ambayo Mswahili wa kawaida anaweza kuitia sahihi, popote alipo, aifasiri, kisha amsomee mtu asiye mwanachuo na kumuuliza ameelewa nini. Akijibu "nyumba za wakulima", mwanafunzi arudie kazi.

Mama mdogo bado anatafuta. Safari hii ananitumia anwani, nami namfasiria kila ukurasa, ukiwamo ule unaosema nyumba itauzwa.