Mchezo wa vita bila wakimbizi

Wapo wanaosema michezo ya vita kwenye ordinatere ni upuzi wa watoto. Upuzi gani? Katika Command & Conquer ya 1995, jeshi moja linapigana Afrika mpaka Afrika Kusini. Gari linavuna madini ya kubuni, madini yanakuwa pesa, pesa zinakuwa vifaru. Hesabu hiyo Kamatanda wanaijua. Ila familia zinazokimbia na magodoro kichwani hazihesabiwi.

Wakasai waliofukuzwa Likasi mwaka 1992 walilala gare wakingoja treni. Sasa kuna OpenRA: watu wa kujitolea wameuunda mchezo upya, ni bure, na yeyote anaruhusiwa kuibadilisha programu yake. Vijana wafundishwe kuibadilisha, si kubofya tu. Gare ile waiandike wanaoijua.