Chupa Mbili kwa Mazoea

Ndugu wa mgonjwa anayesubiri kupasuliwa nyonga au paja huambiwa mapema kabisa: leteni watu wa kuchangia damu. Wanaowaambia hivyo ni sisi. Na kwenye fomu tunaandika chupa mbili, awe bibi wa kilo arobaini na tano au kijana wa bodaboda, kwa kuwa ndivyo alivyoandika aliyetutangulia wodini. Chupa hizo zikishapimwa ulinganifu hutengwa kwenye jokofu kwa jina lake. Hata zisipoguswa, siku hiyo wodi ya watoto haizipati.

Damu ya kutafutwa kwanza ni ile ambayo mgonjwa anayo tayari. Anayengoja nyonga bandia hukaa kwenye orodha wiki kadhaa, pengine miezi. Hemoglobini yake hupimwa lini? Jioni ya kuamkia upasuaji. Ikisoma 9, wakati wa vidonge vya madini ya chuma umeshapita. Kipimo hicho kihamie siku anayoandikishwa.

Kisha kuna asidi ya traneksamiki, waliyoivumbua Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, mwaka 1962. Huzuia donge la damu lisiyeyuke mapema. Gramu moja mshipani kabla ya kisu kugusa ngozi hupunguza damu inayopotea kwenye nyonga na goti. Kwa majeruhi, utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa huokoa maisha ikitolewa ndani ya saa tatu. Ikichelewa zaidi huweza kudhuru. Saa hizo huhesabiwa tangu ajali, si tangu gari la rufaa lilipoingia getini.

Linabaki suala la woga. Damu inayomwagika kwa kasi haina mjadala, irudishwe. Lakini mgonjwa aliyetulia, hemoglobini 8.5, tunamtundikia chupa ya nini? Utafiti wa FOCUS wa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, wengi wao wazee, wakiwa na maradhi ya moyo au hatari ya kuyapata. Walioongezewa damu pale tu hemoglobini iliposhuka chini ya 8, au dalili zilipojitokeza, walitumia takribani theluthi moja ya damu waliyotumia wenzao. Siku ya 60 hawakuachwa nyuma, kwa kutembea wala kwa uhai.

Wanaotuletea makala za upasuaji wa mifupa, kuanzia toleo lijalo tutawadai jambo moja zaidi: hemoglobini ilikuwa ngapi chupa ya kwanza ilipotundikwa, na sababu iliyoandikwa kwenye faili.