Geti la Gitothua na Mlango wa Lamu

Siku hizi limezuka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa jina, ingawa walilitenda. Mgeni afikapo mjini hatosheki tena kuitazama ngome, akapiga picha, kisha akarudi hotelini. Hutaka kutembezwa kwa miguu, kichochoro kwa kichochoro, na mtu aujuaye mji. Na matembezi yakiisha hutaka kuketi karakanani, ashike patasi, brashi au sindano, atengeneze kitu kwa mkono wake mwenyewe. Mambo haya yako Zanzibar, yako Lamu na Mombasa, na hata Nairobi yameshika njia. Swali ninaloliweka mbele ya msomaji leo ni jepesi kulitamka, zito kulijibu: matembezi haya ni ya nani, na faida yake humwendea nani?

Yamkini wengi watastaajabu nikisema kuwa swali hili halikunijia Mji wa Kale, bali Gitothua. Gitothua ni wadi mojawapo katika wadi nane za jimbo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, upande wa njia kuu iendayo Thika. Hapana ngome huko, wala hapana msikiti wa karne ya 16. Mtalii hafiki. Mimi nilifika kwa kuwa mwana wa ndugu yangu amepanga huko, kama walivyopanga vijana wengi waliofuata kazi Nairobi wakaikimbia kodi ya mjini. Nilikaa siku kadhaa, na kwa vile sikuwa na la kufanya baada ya sala ya Alasiri, nilimwomba jirani yake, fundi wa kuchomea vyuma, anitembeze.

"Mzee, hapa hakuna cha kuona," aliniambia. Tukaenda hivyo hivyo.

MJI USIO NA KUTA ZA KALE

Alichokisema fundi yule ndicho wasemacho watu wengi juu ya miji mipya. Hebu tutazame hesabu. Katika sensa ya mwaka 2009, mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu 238,858. Katika sensa ya mwaka 2019 walikuwa 490,120. Yaani zaidi ya nusu ya hesabu hiyo imeongezeka katika muda wa miaka kumi tu! Katikati ya muda huo, mwaka 2012, ilimalizika barabara kuu mpya ya kutoka Nairobi hadi Thika, na mashamba ya kahawa yaliyokuwa yamekaa tangu enzi ya masetla yakaendelea kukatwa viwanja. Mbuni ukang'olewa, ghorofa ikapanda.

Basi katika mji wa namna hii nani atamwambia mwenziwe habari za mahali? Mpangaji amekuja jana, na jirani yake amekuja juzi. Mwenye nyumba mwenyewe aghalabu hakai hapo. Watoto wanazaliwa, wanakua, wanakwenda shule, na hawajui kwa nini kituo cha magari kinaitwa hivi au mto unaitwa vile. Si kwamba mahali hapo hapana habari. Habari zipo, ila hazina msemaji.

Nitatoa mifano miwili, na yote miwili inatuhusu sisi watu wa mwambao.

Wa kwanza ni kahawa. Sisi ni watu wa kahawa tangu na tangu. Jioni dele linapopita barazani na vikombe vikilia, mazungumzo ndipo hunoga. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kuwa mbuni wa Kenya uliingia kwa mlango wetu? Mapadri wa Kifaransa waliupanda Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893, na kutoka hapo ukapanda bara. Ruiru ikawa moja ya makao yake makubwa, na ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa. Miaka ya mwisho ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha tunda lingali mtini, uliwatia wakulima hasara kubwa. Wataalamu wakafanya kazi ya miaka mingi ya kuzalisha mbegu, na mwaka 1985 wakatoa mbuni unaostahimili chulebuni na kutu ya majani. Wakauita Ruiru 11. Jina la mji huu mdogo limekwenda pamoja na mbegu hiyo, ilhali mtoto wa Gitothua hupita kando ya mibuni ya mwisho asijue lolote.

Mfano wa pili ni umeme. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata mitambo ya umeme ambayo mwanzo wake ilikuwa ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, aliyekuwa akiangazia kasri lake. Huo ukawa mwanzo wa umeme wa Mombasa. Zama hizo hizo Nairobi nayo ilikuwa ikitafuta taa zake, na maji yaliyozungusha mitambo ya awali yalikuwa ya mto Ruiru. Mwaka 1922 makampuni hayo mawili yakaungana. Kwa hiyo taa ya kichochoro cha Kibokoni na taa ya Nairobi ni ndugu, na mto unaopita Ruiru ni mmoja wa wazee wao.

Haya yote yanaweza kuelezwa katika matembezi ya saa mbili. Hayahitaji ngome. Yanahitaji mtu wa kuyasema na mtu wa kuyasikiliza.

GETI NA MLANGO

Tuliporudi, fundi yule alinipeleka kwenye kibanda chake cha mabati kando ya njia. Kazi yake ni mageti. Katika mitaa ile kila kiwanja kina geti la chuma, na karibu kila geti lina urembo: maua, mizunguko, ncha za mikuki, mara nyingine ngao. Nilikuwa nimepita mbele ya mageti hayo siku tatu bila kuyaona. Yeye akanionyesha kuwa hili ni mkono wa fundi fulani, kwa sababu hupinda chuma kuelekea ndani. Na lile ni la mwingine, kwa sababu ua lake lina majani manne. Akanipa kipande cha nondo nyembamba, akanionyesha kigingi cha kupindia, akaniambia nijaribu. Nilikipinda mara tatu ndipo kikakubali.

Ndipo nilipoukumbuka mlango wa Lamu. Babu zetu walipoweka nakshi mlangoni hawakuwa wakitengeneza "utamaduni". Walikuwa wakitengeneza mlango. Mwenye nyumba alitaka mpita njia ajue kuwa humu mna watu wenye adabu na uwezo, na mchongaji alitaka mchongaji mwenziwe autambue mkono wake. Geti la Gitothua lina nia hiyo hiyo. Tofauti ni kuwa mlango wa Lamu umekwisha kupewa heshima ya dunia, na geti la Gitothua halijapewa hata salamu.

Mtu hataiheshimu kazi ya mkono mpaka mkono wake mwenyewe uijaribu. Kitabu kitakupa tarehe, na kiongozi mwema wa matembezi atakuonyesha. Lakini chuma kikikukatalia, au mti ukaicheka patasi yako, ndipo utakapoacha kumpunja fundi bei. Hiyo ndiyo faida ya karakana, na ni kubwa kuliko kile kitu kidogo ambacho mgeni huondoka nacho mkobani.

NANI ATAKUWA MSEMAJI?

Ibn Battuta alipita mwambao wetu mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo ameandika kuwa misikiti ilijengwa kwa mbao imara, na kwamba kwenye milango yake mlikuwa na visima, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Maneno hayo machache yamedumu karibu miaka 700, na hadi leo wanavyuoni huyarejea. Yafaa tulitafakari hilo: alichokishuhudia msafiri kwa usiku mmoja, katika nyumba ya wenyeji wake, ndicho ambacho dunia imekipokea kuwa habari yetu. Basi anayemshika mgeni mkono ameshika na sifa ya mji.

Nairobi wameligundua jambo hili. Kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanzishwa mwaka 2003 katika ghala la eneo la viwanda, mwaka 2013 kilianzisha tamasha liitwalo Nai Ni Who?, yaani Nairobi ni nani. Sehemu yake kubwa ilikuwa matembezi ya mitaani, na waongozaji walikuwa wakaazi wa mitaa hiyo wenyewe. Waliotembezwa si wazungu tu. Walikuwa watu wa Nairobi waliokuwa hawajapata kukanyaga mtaa wa jirani zao.

Hapo pana somo kwa Muislamu wa Pwani. Nairobi palikuwa na kijiji kiitwacho Pangani, chenye jina lile lile la mji wa mwambao, na wakaazi wake wengi walikuwa Waislamu wenye kusema Kiswahili. Serikali ya kikoloni ilikibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Nyumba zile hazipo. Kilichobaki ni vinywa vya wajukuu. Siku vitakaponyamaza, mtu atapita Pangani ya leo kama mimi nilivyopita mbele ya mageti, bila kuona kitu.

KUTA HAZIJILINDI

Kuna watakaosema: "Sisi hatuna hofu hiyo. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu 2001, na Ngome ya Yesu 2011. Kuta zetu zina hati." La, ndugu zangu. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa ndani ya mji wenye hati hiyo, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu. Jengo halilindwi na karatasi. Hulindwa na fundi ajuaye chokaa na boriti, na fundi huyo hulindwa na kijana anayetaka kujifunza kwake.

Hapa ndipo ninapoona hatari. Katika mji mmoja wa Pwani, ambao sitautaja, nimeshuhudia wageni wakilipa fedha nzuri kwa somo la saa mbili la kuchonga nakshi. Aliyewaleta alichukua sehemu kubwa, na mzee mwenye karakana akaachiwa ya chai. Wakati huo huo hapakuwa na mwanagenzi hata mmoja pale ndani. Wajukuu wa mzee walikuwa mlangoni, wakisubiri kubeba mizigo ya wageni. Mgeni wa saa mbili hawi fundi, wala hatakiwi kuwa. Lakini fedha yake ingeweza kumlisha mwanagenzi mmoja kwa mwaka mzima wa kujifunza. Isipofanya hivyo, ufundi umegeuzwa mchezo, na mchezo huo utakwisha mzee atakapofumba macho.

Pia kuna suala la heshima, na hapa sioni haya kulisema. Mtaa ni nyumba za watu. Mama aliyeketi uani hakuketi kwa ajili ya kutazamwa. Msikiti wakati wa sala si maonyesho. Mtoto si kitu cha kupigwa picha bila ruhusa ya mzazi wake. Matembezi yanayoongozwa na mwenyeji huyajua haya bila kuandikiwa. Yakiongozwa na mtu wa kukodiwa kutoka mbali, mara nyingi huyasahau. Waliponiona natembea na fundi wao, watu wa Gitothua walinisalimu na kunikaribisha. Ningekuwa peke yangu, natazama mageti ya watu, bila shaka wangeniuliza nina haja gani!

LA KUFANYA

Nasema haya nikijua kuwa si kila jambo lingojee serikali ya kaunti. Kila mtaa una mzee mwenye habari zake. Kila mtaa una watoto ambao Jumamosi na siku za likizo hawana kazi. Mwalimu wa chuo au wa shule anaweza kuwakusanya watoto ishirini, mzee akawapitisha mtaani kwao asubuhi moja, akawaonyesha kisima, kaburi la mwanachuoni, nyumba iliyozaliwa mshairi. Kisha waingie kwa fundi: mmoja asuke ukili, mwingine atie uzi kofia ya vito, mwingine apige patasi. Mzee alipwe, fundi alipwe, hata kama ni kidogo. Mkono mtupu haulambwi. Wageni nao waje, karibu sana, lakini wakute watoto wamekwisha kutangulia.

Na ndugu zetu waliohamia Ruiru, Thika na kwingineko bara, nawaambia vivyo hivyo. Msikae katika miji hiyo kama abiria wanaongoja gari. Muulizeni fundi wa geti, muulizeni mama mwenye kusuka kiondo, muulizeni aliyechuma kahawa kabla ya ghorofa. Kuuliza si ujinga, na mahali unapolea watoto wako ni kwenu, hata ikiwa kodi unalipa kila mwezi.