Homa Ikishuka, Tumbo Bado

Wenzangu, homa ya matumbo siku hizi twaiita taifodi, na kwa maoni yangu jina hilo la kigeni limetupotosha. Jina letu la Kiswahili lataja mahali penye ugonjwa. Mgonjwa hushika kichwa, nasi humpa vidonge vya kichwa. Kumbe mambo yenyewe yamo ndani ya utumbo mwembamba.

Vijidudu vyake huingia kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mwenye ugonjwa. Vikifika sehemu ya mwisho ya utumbo huo hupenya utando wake wa ndani. Hapo pana mabaka madogo ya kuukinga mwili, ambayo Johann Conrad Peyer, tabibu wa Uswisi, aliyaeleza mwaka 1677. Hayo ndiyo huvimba. Mtu asipotibiwa, kufika juma la 3 hivi yaweza kuwa vidonda, yakatoa damu, hata utumbo ukatoboka. Hapo vidonge peke yake havitoshi. Hapana budi mtu apasuliwe upesi.

Sasa nije kwenye neno langu. Hapa bwenini mvulana hupewa dawa ya siku 7 au zaidi. Siku ya 4 joto limeshuka, basi hujiona mzima akarudi mpirani. Vidonge vilivyosalia huvifungia sandukuni, au humgawia rafiki anayeumwa kichwa, nasi twamsifu kuwa ni mkarimu! Mimi sioni ukarimu hapo. Utumbo haujapona, na vijidudu vilivyobaki huweza kurudi, pengine vimekwisha kuizoea dawa. Kloramfenikoli, iliyoanza kutibu homa hii mwaka 1948, mahali pengi haitegemewi tena kwa sababu ya usugu huo.

Tena wako wanaopona kabisa na bado hutoa vijidudu chooni. Mary Mallon, mpishi wa New York, alitengwa mwaka 1907 ilhali hakujiona mgonjwa hata kidogo. Kwa hiyo maji na sabuni mlangoni pa choo si anasa, na wazazi wakichanga fedha ningependa vitangulie jezi.

Nawaomba walimu wetu dawa za mgonjwa zikae kwa matroni, azitoe siku kwa siku mpaka kidonge cha mwisho, na kiranja asimwandike mtoro wa michezo mtu ambaye bado anameza dawa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne